Historia ya Kupima Kemikali za Ubongo kwa Sumaku

Ubongo wa mtu aliye hai una kemikali ndogondogo nyingi zinazotumika na kuzalishwa kila dakika: za nishati, za kupeleka ujumbe kati ya neva, za kujenga na kulinda seli. Wataalamu huziita metaboliti. Kwa muda mrefu njia ya kujua kiasi chake ilikuwa kukata kipande cha ubongo, kukigandisha na kukisaga maabarani. Ndivyo walivyofanya Harris Tallan, Stanford Moore na William Stein wa Taasisi ya Rockefeller, New York, ambao mwaka 1956 walieleza kwamba ubongo wa wanyama una kiasi kikubwa cha asidi ya N-asetili-aspatiki, ambayo siku hizi huitwa NAA kwa kifupi. Kazi yake mwilini haikujulikana. Miaka thelathini hivi baadaye dutu hiyohiyo ikawa ndiyo inayoonekana wazi kuliko zote katika ubongo wa binadamu aliyelala ndani ya mashine, bila kisu wala sindano. Kipimo chenyewe ni spektroskopia ya mwangwi wa sumaku, maarufu kwa herufi MRS, ndugu wa MRI inayopiga picha hospitalini.

Kuiona NAA ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, kujua ipo kiasi gani na kuwa na hakika kwamba namba iliyopatikana London inaweza kulinganishwa na ya Minneapolis, imechukua muda mrefu zaidi na haijaisha.

Msingi wa kipimo hiki uliwekwa mwishoni mwa 1945 na mwanzoni mwa 1946 katika vyuo viwili vya Marekani, kila kimoja kikifanya kazi kivyake. Edward Purcell na wenzake wa Harvard walitumia nta ya parafini. Felix Bloch na wenzake wa Stanford walitumia maji. Wote walikuta kwamba viini vya haidrojeni vikiwekwa ndani ya sumaku kali, kisha vikapigwa kwa mawimbi ya redio yenye masafa yanayolingana na nguvu ya sumaku hiyo, hupokea nishati na kutoa ishara inayonaswa na koili. Bloch na Purcell walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1952.

Hapohapo Stanford, Warren Proctor na Fu Chun Yu walitaka kupima usumaku wa kiini cha naitrojeni. Walichagua chumvi ya amonia na naitreti kwa sababu huyeyuka kwa wingi majini. Badala ya ishara moja wakapata mbili: moja ya naitrojeni iliyo upande wa amonia, nyingine ya ile iliyo upande wa naitreti. Taarifa yao ilitoka mwaka 1950. Kwa mwanafizikia aliyekuwa akitafuta namba moja safi ya kiini, jambo hilo lilikuwa kero. Kwa wakemia lilikuwa hazina, maana lilionyesha kwamba masafa ya atomu hubadilika kidogo kutegemea majirani wake ndani ya molekuli. Mwaka uliofuata ethanoli ikaonyesha vilele vitatu, kimoja kwa kila kundi la haidrojeni zake. Tangu hapo kila kemikali ikawa na mahali pake kwenye mstari wa masafa, mahali panapohesabiwa kwa sehemu kwa milioni: maji 4.7, kolini 3.2, kreatini 3.0, NAA 2.0, lakteti 1.3. Mchoro wa mahali na vilele huitwa spektra, na eneo lililo chini ya kilele ndilo linalobeba habari ya kiasi.

Kutoka chupa ya maabara hadi kwenye tishu hai kulikuwa na safari, na iliyotangulia ilikuwa fosforasi, si haidrojeni. Sababu ni nyepesi: molekuli za fosforasi zinazoonekana katika tishu ni chache, vilele vyake viko mbalimbali, na maji hayaingilii. Mwaka 1974 kundi la Oxford lililowahusisha David Hoult, David Gadian, George Radda na Rex Richards liliweka msuli mzima wa mguu wa panya ndani ya sumaku na kuona ATP na fosfokreatini, kemikali zinazobeba nishati ya seli. Mwaka 1980 watu wa Oxford wakaja na koili inayowekwa juu ya ngozi, ikinasa ishara kutoka kwenye tishu iliyo chini yake tu. Hakukuwa tena na haja ya kuutoa msuli mwilini.

Hatua iliyogusa ubongo wa binadamu ilipigwa University College London, ambako mwaka 1983 kundi la Osmund Reynolds, Ernest Cady na wenzao lilitangaza vipimo vya fosforasi kwa watoto wachanga. Mwaka uliofuata waliripoti kuhusu watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na walichokiona kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Siku ya kwanza ya maisha, uwiano wa fosfokreatini na fosfeti katika ubongo wa wengi wa watoto hao ulikuwa karibu na wa kawaida. Siku zilizofuata ukashuka, ingawa mtoto alikuwa akipata hewa na damu yake inazunguka vizuri. Kumbe kulikuwa na dirisha la saa kadhaa kati ya dhara la kwanza na la pili, na kutokana na ujuzi huo likapata nguvu wazo la kumpoza mtoto ili kuuokoa ubongo. Ni vipimo vichache vya kemia vilivyobadilisha tiba ya watoto wachanga kiasi hicho.

Hata hivyo fosforasi ina udhaifu: ishara yake ni hafifu, kwa hiyo kipande kinachopimwa hulazimika kuwa kikubwa. Haidrojeni ina ishara yenye nguvu zaidi na imo karibu katika kila metaboliti. Tatizo lake ni maji. Ubongo kwa sehemu kubwa ni maji, na kilele chake huzidi vile vya metaboliti kwa mara elfu kumi hivi. Kuitafuta NAA bila kuyanyamazisha maji ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya ngoma ya harusi. Mwaka 1985 Axel Haase, Jens Frahm na wenzao wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha njia ya kuipiga haidrojeni ya maji peke yake kwa mawimbi ya masafa yake, kisha kuitawanya ishara hiyo kabla kipimo chenyewe hakijaanza.

Kilichofuata ni kuchagua mahali. Spektra ya kichwa kizima haina faida, kwa kuwa mafuta ya ngozi na mafupa huifunika. Katikati ya miaka ya 1980 Paul Bottomley, aliyekuwa katika kampuni ya General Electric nchini Marekani, alibuni mbinu ya PRESS: mapigo matatu ya redio, kila moja likichagua bapa moja la kichwa, na mahali mabapa matatu yanapokatana panabaki kisanduku kimoja kinachotoa ishara. Frahm na wenzake wa Göttingen walileta STEAM mwaka 1987, ambayo pia hutumia mapigo matatu. STEAM hupoteza nusu ya ishara lakini huweza kuisoma mapema zaidi, kabla metaboliti zinazofifia haraka hazijapotea. Kufikia 1989 kundi hilo lilikuwa limechapisha spektra za ubongo wa binadamu zilizoonyesha NAA, kreatini, kolini, inositoli na glutameti. Kwa kawaida kisanduku kilikuwa na sentimita mbili kila upande, yaani mililita nane, na kipimo kilidumu dakika tano hadi kumi.

Hapa ndipo yalipojitokeza makosa yasiyoonekana kwa macho. Kisanduku anachokichora mtaalamu kwenye picha si kisanduku kinachopimwa kwa kila kemikali. Pigo la redio huchagua mahali kwa kutumia masafa, na kemikali mbili zenye masafa tofauti huchaguliwa mahali tofauti. Chukua sumaku ya Tesla 3 (Tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku): NAA na inositoli zimeachana kwa karibu hezi 200. Pigo likiwa na upana wa hezi 1000, kisanduku cha moja kitasogea kwa sehemu moja ya tano kutoka kwa kingine, yaani milimita nne katika kisanduku cha sentimita mbili. Hali hiyo ikitokea kwa pande mbili, visanduku vya kemikali hizo vinashirikiana theluthi mbili tu ya nafasi. Daktari hudhani analinganisha kemikali mbili za mahali pamoja, kumbe moja imechota kutoka kwenye tishu ya jirani. Na kadiri sumaku inavyokuwa kali, ndivyo kosa linavyokua. Dawa iliyopatikana ni mapigo yenye upana mkubwa zaidi. Michael Garwood na Lance DelaBarre wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza mwaka 2001 mfumo wa LASER, na baadaye likaja toleo lake jepesi, semi-LASER, ambalo leo ndilo linalopendekezwa kuchukua nafasi ya PRESS kwenye mashine za Tesla 3 na zaidi.

Sumaku yenyewe nayo huleta shida. Ili vilele vibaki vyembamba, nguvu ya sumaku ndani ya kisanduku inapaswa kuwa sawasawa kila mahali, lakini mpaka wa hewa na tishu juu ya pua na karibu na masikio huivuruga. Rolf Gruetter alitoa mwaka 1993 mbinu ya FASTMAP, inayopima mvurugiko huo kwenye mistari michache na kurekebisha mikondo ya koili kwa hesabu. Kabla ya hapo fundi alizungusha vitufe kwa kubahatisha huku akiangalia kilele cha maji. Hatua hii haisifiwi sana, lakini ina uzito kuliko nyingi zinazotangazwa kwa mbwembwe: kusawazisha vibaya hugeuza vilele viwili kuwa kilima kimoja, na hakuna programu itakayovitenganisha kwa uaminifu.

Vilele vilipopatikana, swali likawa namba. Watafiti wa mwanzo waligawa kila kilele kwa kile cha kreatini, wakiamini kreatini haibadiliki. Njia hiyo ni rahisi na hufuta makosa mengi ya mashine, lakini imani yenyewe ni dhaifu: kreatini si sawa katika tishu ya kijivu na nyeupe, na hupungua katika uvimbe mwingi wa ubongo. Uwiano wa kolini na kreatini ukipanda, msomaji hawezi kujua kama kolini imeongezeka au kreatini imeporomoka.

Njia nyingine ilikuwa kuyageuza maji, adui wa mwanzo, kuwa kipimo cha rejea. Kiasi cha maji katika ubongo kinajulikana kwa karibu: asilimia 80 hivi katika tishu ya kijivu na 70 katika nyeupe. Kwa kupima ishara ya maji kutoka kisanduku kilekile bila kuyanyamazisha, ukolezi wa metaboliti unaweza kuhesabiwa kwa milimoli. Mwaka 1993 Thomas Ernst, Roland Kreis na Brian Ross, waliokuwa Pasadena, California, walieleza kwa kina namna ya kufanya hivyo, na walizingatia jambo ambalo wengi walilisahau: kisanduku kinaweza kuwa na majimaji ya ubongo, ambayo ni maji karibu matupu na yana metaboliti kidogo mno. Mzee ambaye ubongo wake umesinyaa ana majimaji mengi zaidi ndani ya kisanduku. Kipimo chake kisiposahihishwa, ataonekana amepoteza NAA hata kama kila gramu ya tishu yake ina NAA ileile. Tafiti kadhaa za uzee na za usahaulifu zinapaswa kusomwa upya kwa jicho hilo.

Mwaka huohuo wa 1993 Stephen Provencher wa Göttingen alichapisha LCModel, programu iliyobadilisha kazi nzima. Kabla yake kila kilele kilipimwa peke yake. Provencher aliona kwamba metaboliti moja huwa na vilele kadhaa, na kwamba mpangilio wake wote ni alama ya utambulisho. Kila metaboliti iliyeyushwa katika maji maabarani na spektra yake kuhifadhiwa. Kompyuta ikatafuta mchanganyiko wa spektra hizo unaolingana vyema na ile ya mgonjwa. Baadaye, kwa kutumia thamani za metaboliti za ubongo zilizokusanywa na Varanavasi Govindaraju na wenzake mwaka 2000, spektra za mfano zikaanza kutengenezwa kwa hesabu, bila chupa.

LCModel ilitoa pia kadirio la kosa kwa kila namba, kwa kutumia kanuni ya takwimu iliyotokana na C. R. Rao wa India na Harald Cramér wa Sweden miaka ya 1940. Kadirio hilo lilipotafsiriwa kuwa asilimia, watafiti wakajiwekea sheria: namba yenye kosa la zaidi ya asilimia 20 itupwe. Sheria ilienea duniani kote bila kuchunguzwa. Kreis, akiwa Bern, Uswisi, aliikosoa wazi mwaka 2016. Tuseme kosa halisi ni milimoli 0.3. Mtu asiye mgonjwa mwenye milimoli 2 ana kosa la asilimia 15 na anabaki. Mgonjwa mwenye milimoli 1 ana asilimia 30 na anatupwa, ingawa alipimwa kwa ubora uleule. Ugonjwa unaopunguza kemikali huwafuta wagonjwa wake wenyewe, na wastani wa waliobaki husema hakuna tofauti. Hoja hii ni ya hesabu ya shule, na inasikitisha kwamba ilingoja zaidi ya miaka ishirini kusemwa kwa nguvu.

Hakuna metaboliti iliyojaribu uvumilivu wa watafiti kama GABA, kemikali inayotuliza neva. Ukolezi wake ni milimoli moja hadi mbili tu, na kilele chake cha 3.0 kimelala chini ya kreatini iliyo nyingi mara kadhaa. Mwaka 1993 Douglas Rothman na wenzake wa Yale walionyesha namna ya kuitenga katika ubongo wa binadamu. Haidrojeni za GABA zilizo kwenye 3.0 zimefungamana na zile zilizo kwenye 1.9. Ukizipiga za 1.9 kwa redio katika kipimo kimoja, na kuziacha katika kinachofuata, kilele cha GABA hubadilika umbo huku cha kreatini kikibaki vilevile. Kipimo kimoja kikitolewa kwenye kingine, kreatini hujifuta na GABA hubaki. Mbinu ya MEGA, iliyochapishwa na Mescher na wenzake mwaka 1998, iliifanya kazi hiyo iwe rahisi kuingizwa kwenye mashine za kawaida.

Lakini kutoa kikubwa kwenye kikubwa ili kupata kidogo kuna hatari zake. Mgonjwa akitikisa kichwa, au sumaku ikipata joto baada ya kupiga picha nzito na masafa yake yakateleza, kreatini haijifuti sawasawa na mabaki yake huhesabiwa kuwa GABA. Zaidi ya hayo, protini za ubongo zina vilele vinavyofungamana kati ya 1.7 na 3.0, na pigo la 1.9 huvigusa pia. Karibu nusu ya ishara inayopatikana kwa kawaida hutoka kwa protini hizo. Kwa uaminifu, wataalamu waliacha kuandika GABA na kuandika GABA+. Kisanduku nacho hupaswa kuwa kikubwa, sentimita tatu kila upande, mililita 27, kwa hiyo matokeo hayawezi kudai kuwa ya sehemu ndogo ya ubongo.

Chuo Kikuu cha Minnesota kiliongoza njia ya sumaku kali, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa na mashine ya Tesla 7 ya binadamu. Ivan Tkáč na wenzake walitoa mwaka 1999 mfumo wa VAPOR wa kunyamazisha maji, ambao hufanya kazi hata pale nguvu ya mapigo isipokuwa sawa. Katika Tesla 7 glutameti na glutamini, ambazo katika Tesla 1.5 huonekana kama lundo moja, hutengana. Ni faida ya kweli. Hata hivyo mashine hizo ni chache na ghali, na hospitali nyingi zitaendelea na Tesla 1.5 na 3. Usahihi ulioongezeka kwa watu wengi zaidi umetokana zaidi na mapigo bora, rejea sahihi na hesabu safi kuliko ukubwa wa sumaku.

Kulinganisha mashine kulihitaji ushirikiano. Mwaka 2017 Mark Mikkelsen, Richard Edden na wenzao walitoa matokeo ya mradi wa Big GABA: vituo 24, watu wazima 272 wenye afya, mashine za Tesla 3 za General Electric, Philips na Siemens, wote wakifuata utaratibu mmoja. Ilionekana kwamba kituo na kampuni ya mashine vilichangia sehemu ya tofauti zilizopatikana, hata pale kila mtu alipojitahidi kufanya sawa na mwenzake. Mwaka 2019 kundi la wataalamu likiongozwa na Martin Wilson lilichapisha makubaliano ya vipimo vya ubongo hospitalini, na mwaka 2021 ikafuata orodha ya mambo ambayo kila makala ya MRS inapaswa kuyataja: mashine, mbinu, ukubwa na mahali pa kisanduku, rejea, programu, ubora wa spektra.

Faida imeonekana wodini. Mwaka 2012 Changho Choi na wenzake wa Dallas walionyesha kwamba 2-haidroksigluteti, inayojaa katika uvimbe wa glioma wenye mabadiliko ya jeni la IDH, inaweza kupimwa bila upasuaji. Walifanikiwa kwa kuchagua wakati wa kusoma ishara, milisekunde 97, ambapo kilele chake hujitokeza mbele ya glutameti na GABA. Kipimo kisicho na uangalifu huo huweza kuona dutu hiyo mahali isipokuwepo. Mwaka 2019 utafiti ulioongozwa na Sudhin Thayyil, uliofanyika Uingereza na Marekani kwa watoto 223 waliopozwa baada ya kukosa hewa, ulikuta kwamba ukolezi wa NAA katika thalamasi ulitabiri ukuaji wao wa baadaye vizuri zaidi kuliko picha ya MRI. Ulikuwa ukolezi uliopimwa kwa utaratibu mmoja katika hospitali zote, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake.

Hakuna namba ya MRS iliyo kemia tupu. Kila moja hubeba makadirio ya maji, ya ufifiaji wa ishara na ya tishu iliyomo kisandukuni, na hakuna njia ya kuuchukua ubongo wa mtu hai na kuuthibitisha kwa chupa. Anayesoma taarifa kwamba GABA imeshuka kwa wenye huzuni, au NAA kwa wazee, aulize kwanza rejea ilikuwa nini, majimaji yalisahihishwa vipi, na waliotupwa nje ya hesabu walikuwa nani. Taarifa isiyojibu hayo haifai kulinganishwa na nyingine yoyote.